Ugonjwa Ulianza Lini?

Kuna swali moja ambalo kila familia iliyowahi kumpeleka mgonjwa wa akili hospitalini imeulizwa. Daktari akishaandika jina, umri na mahali atokako mgonjwa, huinua uso na kuuliza: "Ugonjwa huu ulianza lini?" Swali lenyewe ni fupi, na mara nyingi tunalijibu harakaharaka ili tufikie mambo tunayoyaona makubwa zaidi, yaani dawa na gharama yake. Mwezi huu tumeamua kukaa na swali hilo peke yake. Ni gumu kuliko linavyoonekana, na wataalamu wenyewe wamelijadili kwa zaidi ya miaka mia moja bila kukubaliana jibu moja.

Ugonjwa tunaouzungumzia ni ule ambao siku hizi huitwa baipola, maana yake ugonjwa wenye ncha mbili. Mgonjwa hupitia vipindi vinavyopingana. Ncha ya kwanza ni mania: moyo unapaa, mtu analala saa mbili au tatu tu wala haoni uchovu, maneno yanamtoka mfululizo, anapanga mambo yanayopita uwezo wake, anagawa au kutumia fedha ovyo, na pengine anaamini kwamba yeye ni mtu mkuu aliyetumwa kwa kazi ya pekee. Ncha ya pili ni sonona: huzuni nzito isiyoondoka, mwili kukosa nguvu, kutopenda tena hata yale yaliyokuwa yakimfurahisha, kujiona hana thamani, na kwa wengine mawazo ya kujiua. Katikati ya vipindi hivyo mtu aweza kuwa mzima kwa miezi au miaka. Hapo ndipo majirani huchanganyikiwa, kwa kuwa anayemwona mtu akilima shamba lake vizuri mwaka mzima hawezi kuamini kwamba ndiye yuleyule aliyeletwa hospitali akiwa amefungwa kamba.

KIJANA MMOJA, MIAKA MITANO TOFAUTI

Tumfikirie kijana mmoja. Si mtu wa parokia yoyote. Tumemtunga kwa ajili ya somo hili, ingawa wengi wenu mtamtambua. Ana miaka 25 na amefika kliniki pamoja na mama yake na dada yake mkubwa. Daktari anauliza swali lile.

Mama anajibu bila kusita: "Daktari, ilianza ile Pasaka alipovua viatu akaenda kuhubiri sokoni siku nane bila kulala. Alikuwa na miaka 19. Kabla ya hapo alikuwa mtoto mzima kabisa."

Dada anamkatiza kwa upole: "Samahani, mama. Umesahau kidato cha pili? Alikaa kitandani, hali, hasemi, akaanguka darasani. Tulidhani ni malaria, tukampima mara tatu. Alikuwa na miaka 16."

Kijana mwenyewe, aliyekuwa ameinamisha kichwa, anasema taratibu: "Mimi nilianza kukosa usingizi nikiwa darasa la saba. Usiku kichwa kilikuwa kinakimbia. Nilikuwa na miaka 14."

Daktari naye anafungua faili la zamani. Limeandikwa kwamba mgonjwa alilazwa kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 21. Na leo hii, akiwa na miaka 25, ndiyo mara ya kwanza neno baipola linaandikwa katika faili hilo. Huko nyuma iliandikwa tu kwamba ana "ugonjwa wa akili".

Basi tuna majibu matano: 14, 16, 19, 21 na 25. Nani amekosea? Hakuna hata mmoja. Kila jibu limetumiwa na watafiti katika vitabu na majarida yao kama "umri wa kuanza kwa ugonjwa", na hapo ndipo matata yanapozaliwa.

KILA KIPIMO NA KASORO YAKE

Watafiti wengine huhesabu tangu dalili ya kwanza ya aina yoyote, kama kijana wetu alivyofanya. Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba kinaheshimu maneno ya mgonjwa mwenyewe. Ubaya wake ni kwamba mtoto wa miaka 14 hukosa usingizi kwa sababu nyingi: hofu ya mtihani, ugomvi wa wazazi, njaa, hata kunguni. Watoto wengi wenye shida hiyo hawaugui baipola kamwe. Mtu akishaugua, kila jambo la utotoni huanza kuonekana kuwa dalili. Tumewasikia wazazi wakisema, "Kumbe hata alipokuwa mdogo alikuwa akicheka sana!" Kucheka sana si ugonjwa.

Kwa sababu hiyo wengine husubiri mpaka kipindi cha kwanza kilichotimia. Hapa wana mizani inayojulikana. Kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani kiitwacho DSM, ambacho toleo lake la tano lilitoka mwaka 2013, kinasema mania iwe imedumu walau wiki moja, au iwe kali kiasi cha kumfanya mtu alazwe hata kama siku hazijatimia. Ile mania nyepesi, ambayo haimwangushi mtu katika kazi zake, inatakiwa idumu walau siku nne. Sonona idumu walau wiki mbili. Kwa kipimo hiki kijana wetu aliugua akiwa na miaka 16, na dada ndiye aliyejibu sawasawa.

Lakini subirini. Kama daktari angemwona kijana huyo siku zile za kidato cha pili, asingeweza kuandika baipola, kwa kuwa mania ilikuwa bado haijatokea. Angeandika sonona, na angekuwa sahihi kabisa kwa siku ile. Ni mpaka Pasaka ile ya miaka mitatu baadaye ndipo sonona ya kidato cha pili ilipobadilika jina na kuhesabiwa kuwa mwanzo wa baipola. Ni ajabu kidogo: ugonjwa hupewa tarehe ya kuzaliwa baada ya kukua. Kwa hiyo wapo watafiti wanaokataa kuhesabu sonona, nao huanzia kwenye mania ya kwanza tu. Hao wanakubaliana na mama.

Vipimo vitatu vilivyobaki, yaani kupata matibabu mara ya kwanza, kulazwa mara ya kwanza, na kupewa jina la ugonjwa, vina sifa moja nzuri: vimeandikwa. Huhitaji kumbukumbu ya mtu, unafungua faili tu. Ndiyo maana nchi zenye daftari la taifa la wagonjwa hupenda kuvitumia. Lakini sisi tunaona kwamba vipimo hivi hupima hospitali zaidi ya kumpima mgonjwa. Mtu anayekaa kilomita mia moja kutoka kwa daktari wa akili "ataanza kuugua" miaka mingi baada ya yule anayekaa karibu na hospitali, hata kama waliacha kulala usiku mmoja.

Mfano ulio wazi unatoka Ethiopia. Katika wilaya ya Butajira, kusini mwa Addis Ababa, watafiti walipita nyumba kwa nyumba wakawahoji watu zaidi ya 68,000 wenye umri wa miaka 15 hadi 49. Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2005, walipata watu 315 wenye baipola ya aina kali. Wastani wa umri wa mania ya kwanza ulikuwa miaka 22. Lakini zaidi ya nusu ya watu hao hawakuwa wamewahi kutafuta msaada katika kituo chochote cha afya cha kisasa. Tungehesabu kwa kulazwa, watu hao wangekuwa hawajaanza kuugua kabisa, nao walikuwa wameishi na ugonjwa wao kijijini machoni pa kila mtu.

TANGU ENZI ZA KRAEPELIN

Kati ya watu wa mwanzo kulifanyia kazi swali hili kwa hesabu alikuwapo daktari Mjerumani, Emil Kraepelin, aliyeishi kuanzia 1856 hadi 1926. Alikuwa na desturi ya kuandika habari za kila mgonjwa kwenye kadi, kisha kuzipanga na kuzipanga upya. Mwaka 1899 aliunganisha magonjwa mengi ya furaha iliyopita kiasi na ya huzuni nzito chini ya jina moja, wazimu wa mania na huzuni. Akaona kwamba mashambulizi ya kwanza yalikuwa mengi zaidi kati ya miaka 15 na 20. Alichora pia michoro ya maisha ya wagonjwa kwa rangi, mwaka kwa mwaka, mania kwa rangi hii na huzuni kwa rangi ile. Tutairudia michoro hiyo, kwa kuwa hata nyumbani inafaa.

Kikapu cha Kraepelin kilikuwa kikubwa mno. Ndani yake mlikuwa na watu wenye mania na sonona, na pia watu wenye sonona peke yake. Hawa wa sonona peke yake mara nyingi huanza kuugua wakiwa na umri mkubwa zaidi. Mwaka 1957 Mjerumani mwingine, Karl Leonhard, alipendekeza watenganishwe, na mwaka 1966 Jules Angst wa Uswisi na Carlo Perris wa Uswidi, kila mmoja kwa utafiti wake, walithibitisha kwamba ni makundi mawili. Kitabu cha DSM kiliukubali utengano huo mwaka 1980. Kikapu kilipogawanywa, wastani wa umri nao ulisogea, ingawa hakuna kijana hata mmoja aliyeugua mapema kuliko hapo awali kwa sababu hiyo. Mkisoma kitabu cha zamani kikisema ugonjwa huanza katika umri fulani, na cha sasa kikisema umri mwingine, kwanza ulizeni kama vyote viwili vinazungumzia watu walewale.

Ugomvi wa namna hiyo ulizuka tena Marekani kuhusu watoto. Kati ya miaka 1994-95 na 2002-03, idadi ya safari ambazo watoto na vijana walifika kwa madaktari na kuandikiwa baipola iliongezeka mara 40 hivi. Ugonjwa wa kurithi katika damu hauwezi kuongezeka mara 40 katika miaka minane. Kilichobadilika ni fasili: madaktari wengine walianza kuuita baipola ule ukali wa hasira wa mtoto unaokuwapo siku zote, hata bila vipindi vinavyokuja na kuondoka. DSM ya mwaka 2013 ilijaribu kuzuia jambo hilo kwa kuwawekea watoto wenye hasira za kudumu jina lao tofauti. Katikati ya mabishano hayo walikuwapo watoto wa kweli, waliokunywa dawa kali za kweli. Msidhani basi kwamba fasili ni maneno ya wasomi tu.

Si kila tofauti ni ya fasili, tuseme kweli. Mwaka 2008 Robert Post na wenzake walilinganisha wagonjwa wa mtandao mmoja wa utafiti. Kwa upande wa Marekani, asilimia 61 walisema waliugua wakiwa watoto au vijana wadogo. Kwa upande wa Uholanzi na Ujerumani walikuwa asilimia 30 tu. Pengo kubwa hivyo linataka maelezo, na maelezo hayo bado yanatafutwa.

VILIMA VITATU

Mwaka 2001 Mfaransa Frank Bellivier na wenzake walijaribu njia nyingine. Badala ya kukata kwa kisu na kusema "chini ya miaka 18 ni mapema, juu yake ni kuchelewa", waliacha namba zenyewe ziseme. Ili kuelewa, fikirini siku ya Komunyo ya Kwanza. Mkisimama mlangoni mwa kanisa na kupima urefu wa kila anayetoka, kisha mkachora namba hizo, hamtapata kilima kimoja. Mtapata viwili, kimoja cha watoto na kingine cha watu wazima, hata kama hamkumwuliza mtu umri wake.

Bellivier alipochora umri wa kuanza kuugua wa wagonjwa wake, aliona vilima vitatu, na vilele vyake vilikuwa karibu na miaka 17, miaka 27 na miaka 46. Wengi wamerudia hesabu hiyo. Mwaka 2021 watafiti wa Uingereza walikusanya tafiti 21 zenye wagonjwa karibu 23,000, wakapata tena vilima vitatu: cha kwanza kwenye miaka 17 na ushei, cha pili kwenye miaka 26, cha tatu karibu na miaka 42. Kilima cha vijana ndicho kilichokuwa kikubwa, kikiwa na watu 45 katika kila 100.

Kilima hiki cha kwanza kinatuhusu sana, kwa sababu miaka 17 ni miaka ya shule. Utafiti mmoja wa mwaka 2016 uliokusanya taarifa za watu 7,370 ulionyesha kwamba walioanza mapema huchelewa zaidi kupata matibabu, sonona yao huwa kali zaidi, na huwa na hofu na matumizi ya pombe au dawa za kulevya zaidi ya wengine. Bila shaka kuchelewa huko kunachangia. Mwanafunzi aliyekaa kimya huitwa mvivu, na yule aliyechangamka kupita kiasi huitwa mtovu wa nidhamu.

Kilima cha tatu nacho kina somo lake. Mtu akipata mania kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 45 au 50, wala katika ukoo wao hakuna aliyewahi kuugua hivyo, daktari mwangalifu hatasema baipola mara moja. Atatafuta kwanza ugonjwa wa mwili: tezi ya shingo, kiharusi, kaswende, au dawa fulani anazotumia. Huko Uganda, utafiti uliochapishwa mwaka 2006 uliwalinganisha wagonjwa wa mania wenye virusi vya UKIMWI na wasio navyo. Wenye virusi kwa wastani walikuwa na umri mkubwa zaidi. Kwa hiyo jibu la "ulianza lini" linaweza kumfanya daktari aagize kipimo cha damu ambacho asingekiagiza.

HOFU YA LAANA

Tuliwahi kuulizwa kama ni kweli kwamba ugonjwa huu hushika kila kizazi mapema zaidi kuliko kilichotangulia, kama laana inayozidi kukaza. Wazo hilo halikutoka hewani. Mwaka 1993 watafiti wa Marekani, Melvin McInnis na wenzake, walichunguza familia 34 wakaona kwamba kizazi cha pili kilianza kuugua kati ya miaka 9 na miaka 13 na nusu mapema kuliko cha kwanza.

Hapa kuna mtego, nao ni wa hesabu. Tuseme leo mnawachunguza baba wa miaka 60 na wanawe wa miaka 20. Baba amepewa miaka 60 ya kuugua. Anaweza kuwa ameanza akiwa na miaka 18, 30 au 50. Wana wamepewa miaka 20 tu. Yule atakayeugua akifika miaka 40 leo anahesabiwa mzima na hayumo katika orodha yenu. Waliomo ni wale walioanza mapema tu, hivyo lazima kizazi chao kionekane kimeanza mapema. Ongezeni kwamba baba, katika ujana wake, sonona yake huenda iliitwa uvivu au mapepo, wala haikuandikwa popote. Watafiti wenyewe waliujua mtego huu na walijaribu kuurekebisha, lakini si rahisi kuuondoa wote. Kwa hiyo anayewaambia kwamba wajukuu wenu hawana budi kuugua wakiwa watoto, msimwamini. Ugonjwa huu hutembea katika koo, ni kweli; hata hivyo walio wengi kati ya watoto wa mzazi mwenye baipola hawaupati.

Njia bora ya kuukwepa mtego ni kuacha kuuliza ya nyuma na kuanza kutazama ya mbele. Huko Kanada, Anne Duffy na wenzake wamewafuata watoto wa wazazi wenye baipola kwa zaidi ya miaka 20, wakiwaona mara kwa mara kabla hawajaugua. Kwa wale waliougua, mara nyingi waliona mpangilio huu: hofu au matatizo ya usingizi utotoni, kisha sonona katika ujana, na mania baadaye. Mkirudi kwa kijana wetu mtaona kwamba yeye, dada na mama walikuwa wakisimulia hatua tatu za safari moja.

MIAKA INAYOPOTEA

Mwaka 2017 Jessica Dagani wa Italia na wenzake walijumlisha tafiti 27 zenye wagonjwa 9,415, wakitaka kujua muda unaopita tangu ugonjwa uanze mpaka mgonjwa ahudumiwe. Walipata miaka 5.8. Lakini tafiti hizo zilitofautiana mno, na sababu moja ni hii tunayoizungumzia: kila mmoja alikuwa na maana yake ya "kuanza" na maana yake ya "kuhudumiwa". Waliomaliza kuhesabu siku ya kupewa jina la ugonjwa walipata muda mrefu kuliko waliomaliza siku ya matibabu ya kwanza. Mwaka 2021 tatizo hilohilo lilijitokeza katika utafiti wa urithi uliounganisha karibu wagonjwa 13,000 kutoka nchi mbalimbali: watafiti walikiri kwamba tofauti za fasili kati ya kundi na kundi zilivuruga hesabu zao. Mtu akijumlisha debe na kilo, atapata namba, lakini hawezi kuuza mahindi kwa namba hiyo.

Kwa maoni yetu, mtafiti mwaminifu aandike tarehe zote, asichague moja. Wapo wanaofanya hivyo sasa. Na kama ni lazima achague, kipindi cha kwanza kilichotimia, kiwe cha mania au cha sonona, kina haki kuliko siku ya kulazwa.

Nyumbani tufanyeje? Sonona iliyosahaulika ina uzito wake katika matibabu, na hata mania iliyosahaulika. Mtu mwenye baipola akipewa dawa za sonona peke yake, bila dawa ya kutuliza kupanda na kushuka kwa moyo kama lithiamu, anaweza kusukumwa kwenye mania. Daktari hawezi kujikinga na kosa hilo kama familia haikumwambia kwamba mwaka fulani mgonjwa huyu aliye kitandani alikuwa halali na anagawa mbuzi.

Chukueni daftari la shule, mchore mstari mrefu, na katika mstari huo muandike kwanza mambo ambayo hamwezi kuyasahau: Komunyo ya Kwanza, Kipaimara, mtihani wa darasa la saba, msiba wa babu, mwaka wa mvua kubwa, mwaka nyumba ilipoezekwa bati. Kumbukumbu ya tarehe ni dhaifu, lakini karibu kila mtu anakumbuka kama jambo lilitokea kabla au baada ya Kipaimara. Kisha juu ya mstari andikeni vipindi vya kupanda, na chini yake vipindi vya kushuka, na vilidumu siku ngapi. Ndiyo michoro ya Kraepelin. Robert Post na Gabriele Leverich waliifufua Marekani katika miaka ya 1980, na hospitali nyingi huitumia. Msimwachie mtu mmoja kazi hiyo. Mama anakumbuka mambo ya nyumbani, kaka na dada wanakumbuka ya shuleni, na mgonjwa, akiwa ametulia, anajua usiku wake kuliko nyote. Kama hamwafikiani, andikeni yote mawili. Na kama katika kuandika mtasikia habari za kutaka kujiua, msisubiri siku ya kliniki. Nendeni hospitali siku hiyohiyo, wala msimwache peke yake.

Kule kliniki, daktari wa kijana wetu hakumwambia mama kwamba amekosea. Aliandika namba zote tano, moja chini ya nyingine, na mbele ya kila namba akaandika ni ya nini. Kisha akamgeukia dada.

"Ile ya kidato cha pili, ilidumu muda gani?"

"Tangu Jumatano ya Majivu, daktari, mpaka likizo ya mwezi wa sita."

"Na alipopona, mlimpa dawa gani?"

"Hatukumpa. Aliamka tu siku moja akaanza kufagia uwanja, tukashukuru. Alifagia mpaka usiku."

Daktari akarudisha kalamu kwenye karatasi.